Sauti Yako Redioni

Kurasini, Jumapili

Kaka Khalfani, shikamoo.

Sie tupo. Mdogo wetu Salma kajifungua mtoto wa kike, na malori bado yanatutimulia vumbi hadi ndani.

Mama alipokusikia redioni ukisifia ile dawa ya mitishamba ya kisukari, aliacha sindano za hospitali. Nilimsihi, akanijibu, "Zubeda, yule ni mwanangu. Atanidanganyaje mie?"

Mwezi uliopita walimkata mguu. Daktari kasema tulichelewa kumpeleka.

Hajakulaumu. Tangazo lako likija, anatunyamazisha wote. Nikitaka kuzima redio anasema, "Niache nimsikie, hapigagi simu."

Jana kaniagiza chupa nyingine ya dawa ile. Mpigie, umwambie mwenyewe kwamba ulilipwa kuyasema yale. Mie haniamini.

Mdogo wako,
Zubeda