Kufuli la Maikrofoni

Migosi, Kisumu

Kaka Athumani,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu Mama alitulea hivyo, si kwa sababu moyo wangu umetulia. Hujambo? Mama magoti yanamsumbua bado? Karakana inaendelea, au mbao zako zingali zimejaa hadi chumba cha nyuma alichokuwa akilala marehemu bibi? Mimi mwili ni mzima. Samaki wa ziwa nakula mpaka nimesahau ladha ya papa. Habari njema zimeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara moja, mara ya pili ilinishinda. Unaniamuru nimwombe radhi shemeji Rashid na kutoa kufuli nililoweka kwenye kompyuta za kituo chake, la sivyo atamrudisha dada Zuhura nyumbani, na mvunja ndoa nitakuwa mimi. Kurasa mbili, na hukuuliza hata mara moja hilo kufuli ni la nini. Basi leo utajua, upende usipende.

Kazi ya kituo unaijua: tunarekodi masomo ya redio. Kompyuta zilikuja za mitumba kutoka Ulaya, kila chumba moja, kila moja na maikrofoni yake. Zote zimeunganishwa na mashine kubwa iliyoko stoo, ambayo ndani yake mna programu inayopokea sauti na kuzigawa. Tunaiita seva ya sauti. Mwalimu akisoma somo chumba cha tatu, mhariri analipata chumba cha kwanza bila kubeba kanda. Ni kitu kizuri, kikiwa mikononi mwa mtu mzuri.

Mwaka huu maneno yakaanza kutembea. Mtu akinung'unika chumbani kwake kuhusu mshahara, kesho yake shemeji anamrudishia maneno yale yale mkutanoni, huku akitabasamu. Watu wakatafuta mchawi, wakamwona Min Akoth, mama anayetuandalia chai, kwa kuwa yeye ndiye anayeingia kila chumba na birika. Wakaacha kumsalimu. Shemeji akamfukuza mbele yetu sote, eti kituo hakitaki wambea. Nilimkuta langoni amekumbatia vikombe vyake.

"Bwana Hamisi, mimi mdomo yangu ni ya kukula ugali tu," aliniambia. "Sijapeleka maneno ya mtu. Mungu Nyasaye anaona."

Shemeji alikuwa anajua mama yule hana kosa. Alijua, Athumani, na akamfukuza hivyo hivyo! Min Akoth akaenda kwao Seme, na maneno bado yakaendelea kutembea. Hapo ndipo nilipoitazama ile mashine kwa jicho lingine. Nikajifungia chumba kimoja cha kituo peke yangu, nikasema kwa sauti kwamba nitakwenda Muhoroni kuomba kazi kiwanda cha sukari. Sikumwambia binadamu yeyote. Asubuhi shemeji akanishika bega: "Naskia Muhoroni wanakutaka, shem." Nikaenda moja kwa moja stoo.

Nilipochunguza nikakuta maikrofoni zote ziko wazi. Yeyote mwenye nenosiri kuu aliweza kukaa mezani kwake, akaiagiza seva ya sauti imfungulie chumba chochote, akasikiliza hadi watu wanavyokohoa. Nenosiri hilo tunalo wawili tu, mimi na yeye.

Ndipo nikaweka kufuli. Si la chuma, ni kanuni. Ruhusa za kawaida mwenye faili humgawia amtakaye, na mwenye nenosiri kuu huwapita wote. Hii ya kwangu ni ya lazima, inasimamiwa na mfumo wenyewe. Kila programu nimeipa lebo yake, na seva ya sauti nimeiruhusu iguse spika, maikrofoni na faili zake za sauti, basi. Maikrofoni haifunguki mpaka aliyekaa mbele ya mashine ile ile aifungue mwenyewe. Hata shemeji, mkurugenzi mwenyewe, akiomba kutoka mezani kwake, anaambiwa hapana.

Haikuwa kazi ya siku moja. Mwanzoni nilibana mno, kituo kizima kikawa bubu. Mwalimu wa Kiswahili alisoma somo zima na hakikunaswa kitu, akanitukana hadi kabila langu. Nikawa nasoma orodha ya yaliyokataliwa, nafungua lililo halali, naacha mengine, mpaka masomo yakarudi na masikio ya shemeji yakaziba.

Akaniita ofisini. Hakukana hata kidogo.

"Sikiza, shem. Hii ofisi ni yangu. Kama hutaki kutoa hiyo kitu, iache ionye tu, isizuie."

Nikamwambia huyo ni mlinzi anayeandika jina la mwizi huku anamfungulia geti. Ndipo akaleta habari ya kumrudisha Zuhura, na wewe ukakimbilia kalamu. Nani asiyejua kwamba madawati yote ya kituo yanatoka karakana yako? Unalia ndoa ya dada, kumbe unalilia madawati.

Hata hivyo maneno yako yalinichoma. Nilijiuliza, je, nimwache Zuhura atupwe kwa ajili ya mashine? Jumapili nikaenda kumweleza mwenyewe, na nilikwenda nimeshaamua kwamba akilia tu, nitafungua. Akanitoa sebuleni, tukaenda nyuma kwenye karo la kufulia, akafungulia bomba kwa nguvu.

"Dada, nyumbani kwako hamna kompyuta," nikamwambia.

"Kompyuta ya nini, Hamisi? Msichana wa kazi anaulizwa kila jioni nimezungumza na nani na nimesema nini. Nikienda posta kumpigia Mama simu, natumiwa dereva asimame mlangoni mwa kibanda. Miaka sita naongea na maji yakimwagika."

Athumani, nilimtazama dada yetu, aliyekuwa akicheka hadi majirani wanagonga ukuta, ananong'ona kando ya bomba. Nikamuuliza nifanye nini.

"Usimfungulie. Na kama kunirudisha ndiyo adhabu yake, mwambie aanze leo."

Nilimpelekea shemeji jibu hilo asubuhi yake, neno kwa neno, mlango wa ofisi ukiwa wazi ili wote wasikie bila mtu kutega sikio. Kazi sina tena. Kufuli lipo, na hajapata bado fundi wa kulitoa. Nimeshakwenda Seme kwa Min Akoth, na wenzangu wa kituo walioandamana nami walimwomba radhi. Radhi zangu zimeishia pale.

Msalimie Mama, na barua hii umsomee yote, usiruke mahali, maana nitamuuliza. Msalimie shemeji yangu mkeo, ambaye najua hakukutuma kuandika ule upuuzi. Shangazi aliyemfunda Zuhura siku ya harusi mwambie mwanawe alivumilia kama alivyofundwa, na sasa inatosha.

Wewe chukua vijana wa karakana, mtoe mbao zako zote kwenye chumba cha nyuma, mfagie, mpake chokaa. Mimi na Zuhura tunapanda basi Ijumaa. Na Zuhura akianza kuzungumza humo ndani, hata akipiga kelele, pasiwe na mtu wa kumwambia ashushe sauti.

Mdogo wako,
Hamisi