Pumzi ya Kaka Eliakimu

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo
Dar es Salaam
16 Machi 2003

Kwa shemeji Euphrasia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Hillary, na kwamba goti lako halikusumbui sana unapokanyaga cherehani. Habari za goti nimezipata kwa dada Anaeli. Yeye ndiye aliyenipa anwani yako ya Korogwe, baada ya kuniuliza mara tatu naitakia nini. Sisi huku tunaendelea. Mke wangu Nice yuko mzima, watoto wako shuleni. Mimi ni mzima kiasi, nitakueleza.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Mara ya mwisho tulionana Machame, mwaka 1990, siku ya kumaliza matanga ya kaka Eliakimu, ukoo ulipokuambia ufungashe uondoke na mtoto. Tangu hapo sijakuandikia. Anaeli ameniambia pia kwamba Hillary amefika kwa wazee kuomba kihamba, shamba la urithi la baba yake, na wamemjibu kwamba mtoto wa mwanamke aliyeua hapewi migomba ya aliyeuawa. Barua hii ni kwa ajili ya jambo hilo. Inaanzia mbali kidogo, kwenye safari ya meli, kwa sababu ndivyo ilivyotokea. Naomba uisome mpaka mwisho.

Kariakoo uliyoijua hutaitambua. Siku hizi kila mtu anaagiza mzigo wake Dubai, maghorofa yanaota pale zilipokuwa nyumba za vyumba sita, na mimi nauza taa, nyaya na swichi. Biashara si mbaya. Tabu yangu ilikuwa usingizi. Kwa miaka kadhaa nililala muda wa saa nane kila usiku nikaamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nilisinzia kaunta, nilisinzia kanisani, na mara moja nilisinzia nimesimama huku mteja ananionyesha waya anaotaka. Wapagazi walinizoea. Wakileta mzigo wananigonga bega wakiniuliza, bosi, umelala au umekufa? Kama umekufa tuambie tufunge duka.

Jirani yangu wa duka, Manubhai, mzee wa Kihindu anayeuza vyombo vya jikoni, ndiye aliyenishika mkono. Alisema yeye alikuwa hivyo hivyo, na mkewe Shobhana alihama chumba kwa sababu ya kukoroma kwake. Alinipeleka kwa daktari wake Upanga. Nikalazwa usiku mmoja wakinihesabia pumzi. Asubuhi daktari aliniambia kwamba nikilala koo linajifunga, pumzi inakatika, mwili unashtuka na kuvuta hewa tena, na kwamba hilo lilitokea zaidi ya mara arobaini kwa saa. Alisema moyo unachoka, na wapo ambao siku moja pumzi hairudi. Aliniuliza kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyekuwa na hali hii. Nilisema hakuna.

Mtoto wa Manubhai, Kartik, anaishi Uingereza. Alikuwa amemletea babake mashine mpya, na ile ya zamani Manubhai akanipa mimi. Ni kisanduku kinachopuliza hewa kupitia mpira mrefu mpaka kwenye maski unayovaa puani. Ina tangi dogo la maji yasiyo na chumvi, ili hewa isikukaushe koo. Wiki ya kwanza watoto walinicheka kwamba baba amekuwa tembo. Wiki ya pili niliamka asubuhi nikasikia kichwa chepesi, kama mtu aliyetua gunia.

Sasa safari. Kampuni inayotupa taa ilitangaza kwamba wakala atakayeuza nyingi kwa mwaka atapelekwa Shelisheli kwa meli ya watalii kutoka Mombasa, yeye na mwenzake. Nilishinda. Mimi nilitaka kubaki nilale nyumbani. Nice alisema amelala na mkoromo wangu miaka kumi na moja bila likizo, na kwamba nisipokwenda ataenda yeye na ile mashine.

Manubhai alinipa maagizo: mashine nishike mkononi, nisiiweke kwenye mizigo, nibebe barua ya daktari, nibebe maji ya kutosha. Hapo ndipo nilipofanya ushamba wa mtu wa Kariakoo. Maji yasiyo na chumvi kwetu ni maji ya betri, na mimi siku zote nayanunua mtaa wa Gerezani kwa Sadalla, muuza spea. Nikabeba chupa sita. Tena, kwa kuwa hakuna mtu wa mtaa wetu anayechomeka kitu cha thamani kwenye umeme mtupu, nikabeba na stebilaiza ya chuma ya kutuliza umeme, kilo kumi na mbili. Bandarini Mombasa askari alinyanyua chupa yenye picha ya betri na radi, akaniuliza, mzee, unakwenda likizo na tindikali? Nikaeleza kwamba ni maji tu, nayatumia kupumulia. Akamwita mwenzake aje asikie. Chupa zilibaki gatini. Stebilaiza ilichukuliwa na fundi umeme wa meli, akasema angekuwa anakaa nchi ninayokaa mimi angeielewa.

Chumbani tundu la umeme lilikuwa moja, karibu na kioo, mbali na kitanda, na nyaya za kuunganishia haziruhusiwi. Usiku wa kwanza nilivuta godoro nikalala sakafuni, kichwa chini ya meza, tangi likiwa kavu. Niliamka koo linauma. Mhudumu alipoona godoro alisema tungesema tu: wanao waya wao uliokaguliwa, na maji yapo kwa daktari, ila abiria mwenye mashine ya kupumulia lazima ajaziwe fomu. Basi mchana tukaenda kwa daktari, mimi na Nice.

Alikuwa mwanamke wa Mombasa, Daktari Sitara, anayezungumza taratibu na kuandika haraka. Aliuliza umri, uzito, dawa. Kisha akauliza kama yupo ndugu wa damu aliyefariki usingizini. Nikafungua mdomo kusema kama nilivyosema Upanga, lakini Nice alitangulia. Alisema yupo, kaka yangu mkubwa, ila huyo hahesabiki kwa sababu alilishwa kitu na mkewe. Nice aliolewa miaka miwili baada ya msiba. Alisema alichosimuliwa.

Daktari aliweka kalamu chini. Akauliza kama huyo kaka alikuwa anakoroma. Nice akasema hajui, hakumkuta. Akauliza ni nani aliyelala naye chumba kimoja utotoni. Nice akanigeukia. Nikasema ni mimi. Akauliza tena, je, alikuwa akikatika pumzi? Nikasema ndiyo, nilikuwa nampiga teke mpaka avute hewa, kila usiku, mpaka nilipokwenda sekondari. Nice alinitazama. Hakusema neno mpaka Shelisheli.

Shemeji, sasa nakuandikia nilichomwambia Nice baadaye, kama kilivyokuwa.

Kaka alifika kwangu Magomeni jioni ya tarehe 8 Agosti 1990, kununua mzigo wa duka mliloliendesha nyumbani. Alikuja na hotipoti uliyomfungia, kiburu cha ndizi na maharage, na nyama. Tulikula wote wawili, tukamaliza. Mimi ndiye niliyekomba hotipoti. Nilikuwa nimeshusha mzigo tangu alfajiri na nilichoka sana. Kaka alikoroma kwa kukatika, kama zamani. Wakati fulani nilisikia kimya. Nilijua kimya kile ni cha nini, na nilijua la kufanya, kitanda chake kilikuwa hatua mbili. Nikasema moyoni, afadhali ametulia. Nikalala. Asubuhi alikuwa wa baridi.

Siku ya kumaliza matanga baba mdogo Ndesario aliniuliza mbele ya ukoo kama nilikula kile chakula. Nilisema sikukigusa, nilikuwa nimeshiba chipsi za Kariakoo. Nilisema hivyo kwa sababu kama si chakula, basi wangeuliza kilichotokea ndani ya nyumba yangu, na duka lile lilikuwa letu, mimi na kaka, na lingebaki kwangu. Wao walikuwa tayari kuamini. Wewe ulikuwa mtu wa Kibosho, Mkatoliki, na bibi yetu hakuwahi kukukubali. Sikulazimika kusema zaidi ya sentensi moja. Nilikuona unanitazama. Ulikuwa unajua kiasi ulichopakua, kwamba kinatosha watu wawili.

Jumapili iliyopita nilipanda Machame, nikawaambia haya baba mdogo Ndesario na wazee wawili, Anaeli akiwepo. Hawakunipigia kelele. Mmoja aliuliza tu mbona nimekaa nalo miaka yote hii. Baba mdogo alisema yaliyopita yamepita, mwanamke yule ameshazoea Korogwe, na kihamba kinalimwa na wengine; kukirudisha ni kufufua ugomvi. Ndiyo sababu naandika badala ya kungoja wao.

Kila ukurasa wa barua hii nimeutia sahihi na dole gumba. Manubhai ameisoma mbele yangu, akatia sahihi yake kuwa shahidi, na hakunitania hata kidogo. Nakala moja nimempa Anaeli. Hillary aipeleke baraza la kata, au mahakamani, popote atakapoambiwa alete ushahidi. Nikiitwa nitakuja na nitasema hivi hivi. Yatakayonipata ni yangu. Sikuombi unisamehe, na hulazimiki kunijibu.

Msalimie Hillary. Mwambie baba yake alikuwa mtu wa kucheka, na kwamba siku ile alisema anaharakisha kurudi kwa sababu kijana anaota meno ya ukubwani.

Anaeli anakusalimu sana. Nice hakunipa salamu. Amesema hawezi kukusalimia kupitia kwangu, na juzi amekata tiketi ya basi la Korogwe la Jumamosi. Ukiona mwanamke mrefu mlangoni mwenye kitenge cha bluu, ndiye.

Wako shemeji,
Wilbert

Shahidi: Manubhai, muuza vyombo, Mtaa wa Msimbazi