Stika ya Chui Shingoni mwa Radi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeandika historia. Baiskeli yangu Radi ina foki mpya, uma ule wa gurudumu la mbele! Si mpya mpya — ya mkono wa pili. Lakini ndefu, ina springi mbili, inabonyea kama godoro la tajiri. Baiskeli imeinua pua. Waione sasa wale wanaoiita baiskeli ya kutumwa dukani!

Fundi baiskeli wa pale kona amekataa kuifunga. Nongwa tu. Aliipima kwa shubiri, akatikisa kichwa. Eti hizi ni gia nyingi kwenye fremu ya bei rahisi, na fremu ilitengenezewa foki fupi. Ukiweka ndefu, kila ukigonga shimo inaisukuma shingo kwa nyuma. Nikamwambia, Fundi, sema tu mikono imechoka. Akasema mikono imechoka kweli, lakini wewe meno yako bado yote yapo, yatunze.

Nimeifunga mwenyewe uani, kwa nyundo na spana ya kuazima. Hesabu ndiyo ilinishinda shuleni, spana haijanishinda.

Kijiko alipiga makofi. Mtoto wa dada huyo, miaka minne. Jina nilimpa mimi, kwa sababu ya kichwa. Ndiye shabiki wangu pekee mwenye akili katika nyumba hii.

Jumanne, 4 Machi

Nguo zote ninazomsambazia Bosi Dobi zimefika kwa wenyewe kabla ya saa sita! Suti tano kwenye hanga mgongoni, nashuka mteremko wa tangi la maji bila kugusa breki. Suti zinapepea nyuma — ungedhani mabwana harusi watano wananifukuza. Foki inameza mashimo kama uji.

Bosi akauliza leo umekula nini. Sijala, Bosi, nimefunga springi.

Ila kuna mlio. Tik. Kila nikibana breki ya mbele — tik. Nimepaka grisi. Grisi ndiyo dawa.

Alhamisi, 6 Machi

Sio grisi.

Nimeipindua Radi niifute matope. Pale shingo inapokutana na bomba la chini, kwenye mshono wa kuchomelea, kuna kamstari. Kadogo! Kama unywele. Nimekakwaruza kwa ukucha. Rangi ikipasuka si kitu. Chuma je? Nimekaa nakakodolea macho mpaka chai ikapoa.

Nikaenda kwa Fundi. Nikamuuliza kwa niaba ya rafiki yangu. Akanitazama hivi... halafu akasema, huyo rafiki yako akitaka kujua, apasafishe, apake mafuta ya taa kwenye mshono, asubiri. Afute mpaka pakauke kabisa. Kisha apake unga wa chaki. Kama ni rangi tu, chaki itabaki nyeupe. Kama ni ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka taratibu yachore mstari.

Na mstari ukijichora? nikauliza.

Auze kwa wenye vyuma chakavu. Fremu kama hiyo ukiichomelea hapa, inapasuka pale. Na mwambie, fremu haibishi hodi. Inakatika tu.

Sawa. Rafiki yangu kasikia.

Basi nimekata shauri. Kuipamba Radi basi! Nanunua nyingine. Iko moja dukani, nyekundu, breki za diski mbele na nyuma, fremu nene kama paja la mcheza mieleka. Muuza duka ananiwekea mpaka Jumamosi jioni, ana mtu mwingine anayeitaka. Akiba yangu inafika nusu. Nusu ya pili itatoka kwa Radi mwenyewe, akiuzwa.

Chaki sikupaka. Nimebandika stika ya chui pale pale. Imependeza sana!

Ijumaa, 7 Machi

Mnunuzi kapatikana, na wala sikumtafuta. Shemeji! Mume wa dada. Anapiga plasta, amepata kazi ng'ambo ya mteremko, miguu imemwisha kwa kutembea. Tuko mezani, akasema nimesikia unaiuza Radi, sasa kwa nini aipate mtu wa nje na mimi nipo?

Nikaanza kumwaga sera kama kawaida yangu. Foki ile, Shemeji, haina mpinzani! Dada akanikata: acha mdomo, ina ubovu gani? Nikasema ubovu wake ni mmoja tu, mwenye nayo ni mzuri kuliko yenyewe. Wakacheka. Shemeji alicheka mpaka akakohoa.

Halafu akasema atafunga keria na kiti cha mtoto. Kijiko atamshusha chekechea kila asubuhi, njia si ile ile? Ya tangi la maji.

Kijiko akapanda mapajani kwa baba yake akaanza kupiga kengele kwa mdomo. Kring kring! Mjomba, pisha njia! Kring kring!

Tonge likanikwama. Dada akanipiga mgongoni, akasema: Huyu naye, hata kutafuna anafanya mashindano.

Kring kring mpaka sasa masikioni. Labda ni rangi tu. Labda! Nimeteremka nayo wiki nzima, mbona haijakatika?

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji ametoka na Kijiko kwenda kununua keria. Akirudi anaichukua Radi.

Nimeiosha, inang'aa. Nimeizungusha uani mara moja, nikabana breki ya mbele. Tik. Mara ya pili nikabana huku naimba kwa sauti. Mwanamume mzima, ninayejiita Kamanda wa mteremko, naimba ili nisiisikie baiskeli!

Muuza duka kapiga simu. Unakuja au huji? Nakuja, kaka, andika risiti kabisa.

Nimekata simu. Nimeng'oa stika ya chui. Imetoka na rangi kidogo.

Mafuta ya taa nimechota kwenye kopo la dada. Nimepaka. Nimesubiri. Nimefuta mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Chaki ya Kijiko, ile anayochorea sakafu, nimeisaga kwa kitako cha gilasi, nimepaka shingo nzima.

Nyeupe.

Nyeupe pee! Nilisema mimi! Nimeruka nikagonga kichwa kwenye dirisha, wala hakijauma. Nimekuja kukaa hapa kizingitini niandike rasmi kwamba Fundi ni mzee mwoga na kwamba mimi

Ngoja.

Kuna unyevu upande wa kushoto. Mdogo. Labda ni jasho langu.

Sio jasho. Inatembea. Taratibu kabisa, kama mtu anachora kwa penseli bila kuinua mkono. Imepita mshono, imekata kona, sasa inazunguka nyuma. Si unywele huu. Ni nusu ya shingo! Na mimi nimeteremka na hii kitu bila breki, suti tano mgongoni, najiona.

Nawasikia barabarani. Shemeji anapiga mluzi. Mwenzake anajibu kring kring.

Kitambaa kiko hapa gotini. Kufuta ni mara moja tu. Stika bado ina gundi, nimeijaribu kwa kidole. Na ile nyekundu inanisubiri mpaka jioni.

Mdomo huu, ambao Bosi anasema hata usingizini haufungi, leo umejifunga. Nimejaribu kulisema neno moja tu, ufa, peke yangu hapa. Halitoki.

Nimeinuka. Nimeiegemeza Radi ukutani, shingo ikitazama geti, ule mstari mbele kabisa. Nimerudi kizingitini, kitambaa nimekikalia.

Geti linafunguliwa. Kijiko anakuja mbio, ameshaiona, ananyoosha mikono apandishwe. Shemeji kabeba keria begani, anatabasamu, macho yake yako kwenye foki.

Akiuliza huo mstari ni wa nini, namwambia.

Asipouliza —