Mishale Yangu Yote Inakwenda Kushoto

Jumamosi, 2 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata dada: jicho langu la kulia halioni sawasawa. Si giza. Ni ukungu, kama kioo cha bafuni. Walipokuja shuleni kutupima macho nilijipanga nyuma kabisa ya foleni, nikakariri herufi zote za lile bango. Zamu yangu ilipofika nilizitiririsha kama maji! Nesi akasema nina macho ya mwewe. Nilikuwa na miaka tisa. Sasa ni kumi na sita, na bado mimi ni mwewe.

Na leo tena mishale yote imekwenda kushoto.

Jumatatu, 4 Machi

Kocha kasema kosa ni la mishale! Hii ya kuazima ni migumu mno kwa upinde mwepesi kama wangu, haipindi inapotoka, ndiyo maana inakimbilia kushoto. "Nunua yako, Bi Kimya." Bi Kimya ndiye mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

Njia nzima nilikuwa najiambia: ni mishale, ni mishale. Kisha nikafumba jicho la kushoto, nikatazama kibao cha duka la dawa.

Ukungu.

Jumatano, 6 Machi

Mama kanipima urefu wa mshale. Fundi cherehani — utepe hautoki shingoni. Nikavuta upinde, naye akinizunguka na pini mdomoni. Nisimame wima, eti, niache kujikunja kama mkeka. Akapata inchi ishirini na sita. Akaandika ishirini na nane.

"Mbona, Mama?"

"Mbili za upindo. Bado unakua."

Mshale wenye upindo! Dada alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akampigia kocha simu ili wacheke pamoja. Kocha hakucheka. Alisema Mama yuko sahihi kabisa: anayeanza huachiwa mshale mrefu kidogo, maana mfupi unaweza kuponyoka nyuma ukamchoma mkono. Tangu hapo Mama haambiliki. Anatuambia tumwite fundi wa mishale.

Alhamisi, 7 Machi

Orodha ya duka imeandikwa kwa lugha ya shuleni. Mama haisomi, kwa hiyo mimi ndiye mkalimani. Mishale sita, laini. Podo la kiunoni la kuibebea. Kinga ya mkono wa kushoto, ugwe wa upinde usinichape. Kipande cha ngozi cha vidole vya kulia. Podo alichagua jekundu — hata nikikosa shabaha, kasema, angalau nipendeze.

Halafu mstari wa mwisho. *Pima kwanza jicho lipi linaongoza. Likiwa la kushoto, usiagize vifaa vya upande wa kulia, wala upinde.*

Nikauruka.

Nikamwambia, hapo wanashukuru wateja. Mama akasema, "Wastaarabu hao."

Upinde wangu ni wa kulia, wa kulengea jicho la kulia. Mama alishona majoho ya kwaya nzima ili niupate. Vidole vyake vilijaa matundu ya sindano. Nianzie wapi?

Ijumaa, 8 Machi

Oda inakwenda leo, kabla ya duka kufunga. Wakishakata mishale kwa kipimo, hawaipokei tena.

Mchana uwanjani kocha alikwenda kufungua stoo. Nikachukua upinde wa kushoto wa klabu, ule wenye vumbi. Mwili wote kinyume, kama kuandika kwa mguu! Mshale wa kwanza majanini. Wa pili ukingoni. Wa tatu — manjano! Katikati kabisa! Na niliuona unavyokwenda. Niliuona!

Kocha akarudi, akauliza nani kapiga ule. Nikasema sijui. Sijui! Nilikuwa peke yangu uwanja mzima.

Sasa orodha iko mbele yangu. Nimeandika tafsiri ya mstari ule kwa penseli, pembeni, kwa herufi kubwa ambazo Mama anaweza kuzisoma bila miwani. Nikaifuta. Nimeiandika tena. Karatasi imeanza kuchakaa hapo.

Cherehani imenyamaza.

Ndala za Mama koridoni. "Mkalimani! Tutume?"

Daftari linakwenda chini ya mto. Orodha mezani, wazi. Raba bado iko mkononi mwangu.