Ninangojea mwenzangu mulangoni

Bihambwe, siku ya ine tangu nirudi

Na leo tena nilisimama mulangoni kama mujinga. Miaka mbili nilikuwa misioneri wa Kimormoni kule Madagascar, na sheria yetu ilikuwa kutembea wawili wawili, hata kwenda kununua mukate. Niko kwetu tangu siku tatu, lakini miguu ingali inangojea mwenzangu.

Mama akauliza: «Unangojea nani?»

«Hapana mutu, Mama. Nilitaka kwenda kwa kaburi ya Papa.»

Papa alikufa wakati niko kule. Siku nilipata habari nililia mu choo, maana njo fasi moja tu mwenzangu hakunifuata. Wakubwa wa misioni waliniruhusu kurudi, lakini Papa aliacha neno: «Mutoto amalize kazi ya Mungu.» Basi nikamaliza.

Mama akafunga kitambaa ku kichwa. «Twende. Leo mimi njo mwenzako.»

Kaburi iko mu shamba ya maharagi. Nilifikiri nitaomba, sikuweza. Mama akauliza: «Kule ulikuwa unafundisha watu nini?»

«Kwamba familia itakuwa pamoja milele. Kwamba kifo haiwezi kuitenganisha.»

«Na Papa yako, tutamuona kweli?»

Ile ulizo niliijibu mu manyumba mingi, bila kusita. Leo mudomo ulikataa. Kule, nikikwama ku ulizo ingine, mwenzangu njo alikuwa anajibu kwa fasi yangu.

Nikageuka kumuangalia mwenzangu. Alikuwa Mama, machozi inamutoka, angali anangojea jibu.