Mihogo Aliyoipanda Mwizi

Mjukuu wangu Hamisi,

Salamu zako zimenifika. Huku Ruangwa hatujambo, mikorosho imeanza kuchanua, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza, huko unakosomea mambo ya uhalifu, kama mtu huzaliwa mwizi au wizi humkuta duniani. Vitabu vyenu sivijui. Nakumbuka mradi wa karanga wa Wazungu ulipokufa Nachingwea, vibarua wakatawanyika hawana kazi. Asubuhi moja tulikuta mihogo ya shamba letu la Matambarale imeng'olewa. Kwetu, mpita njia mwenye njaa alikula palepale shambani na hakuna aliyemsema. Kubeba ndiyo wizi, na huyu alibeba. Baba mdogo akashika panga amfuate. Mama akainama kutazama. Kila shimo lilikuwa limefukiwa vizuri, na kipande cha mti wa muhogo kimechomekwa upya.

"Huyu mkulima mwenzetu," akasema. "Mwacheni aende."

Baba mdogo alinuna kutwa. Nani alikuwa na haki, waulize walimu wako.

Mwaka uliofuata tulivuna mihogo aliyoipanda mwizi, na baba mdogo ndiye aliyekula kutushinda wote.

Bibi yako,
Somoe