Amin Niliyokunyima, Shangazi

Shangazi yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Ulipokuwa hai nilijua utakavyoitikia: "Marahaba, umekuja na swali au umekuja na njaa?" Mara nyingi nilikuja na njaa, nawe ukanipakulia ugali wa muhogo na dagaa, huku ukinitafutia swali la kuondoka nalo. Leo njaa sina. Nina kinyaa, na sina mwingine wa kumwambia ambaye hatasema nina wivu.

Ni kile kikundi chako, Tuulizane. Unakumbuka kilivyoanza? Hakikuwa na ofisi wala muhuri. Mlikuwa wanawake mnaoanika dagaa pale pwani ya kijiji, na jua likifanya kazi yake ninyi mkiulizana kwa nini pampu ya kisima imepelekwa matengenezo na hairudi. Mkaenda kuuliza kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wa wakati ule, Mungu amsamehe, alikuwa na dawa yake ya maswali. Swali likimkaa kooni alitazama juu kama anayetafuta mvua, akasema, "Jamani, muda umetutupa mkono, tufunge kwa dua." Nani atabishana na dua? Wazee wakanyanyua mikono, maalimu akaomba, watu wakaitikia amin, wakakung'uta mikeka yao na kwenda kuchota maji mtoni.

Wewe uliacha mikono mapajani. Nilikuwa nimekaa ubavuni pako, binti wa shule, nikaona aibu mpaka nikakuvuta kanga. Amin ya mwisho ilipotoka ukasema, kwa sauti ile ile ya kuongea na jirani, "Kama tumeshamaliza kuomba, pampu iko wapi?"

Walikuita kafiri. Maalimu mwenyewe alikuja nyumbani kujua kulikoni, ukamkaribisha chai, ukamwambia, "Maalimu, dua ya kumwomba Mungu naitikia. Ile ilikuwa ya kumficha mwenyekiti." Akacheka mpaka chai ikampalia. Mkutano uliofuata ukauliza tena, na mwingine tena, na kila ilipoombwa dua ya kufukuza swali mikono ilibaki mapajani, kwanza yako, kisha ya wanawake wote wa dagaa. Pampu ikarudi. Kumbe ilikuwa inamwagilia nyanya za mwenyekiti kule bondeni.

Baada ya hapo mkaanza kufundishana. Shule yenu ilikuwa palepale kwenye dagaa. Zuhura ndiye aliyekupa kazi kubwa. Alikuwa msichana mwenye akili nyingi na sauti ya kutetemeka, akisimama mbele ya watu maneno yanamkimbia. Ukawa unamwambia kila mnapogeuza dagaa, "Usiulize kama unaomba. Uliza kama unavyodai ungo wako kwa jirani. Humtukani, lakini huondoki bila ungo." Siku alipomuuliza mtendaji wa kijiji kwa nini mapato na matumizi hayasomwi mbele ya wananchi, na mtendaji akalazimika kuyasoma, ulilia kwa furaha na ukasingizia moshi. Moshi wenyewe haukuwepo, Shangazi.

Zuhura sasa ni mkurugenzi. Tuulizane ni asasi iliyosajiliwa, ina ofisi Lindi mjini na gari lenye nembo ubavuni. Sikuchukia. Nani anachukia mtoto akikua? Nilifurahi hata walipokwenda Mchinga na Milola kufundisha wengine. Lakini polepole maneno yakaanza kubadilika. Zamani mlikuwa mnauliza, wao wakawa "wanajengea wananchi uwezo". Zamani mlikuwa mnakaa chini na watu, wao wakawa "wanaifikia jamii". Wananchi tukageuka wa kufikiwa na kujengewa, kama choo cha shule. Wakija, kwanza wanapiga picha, halafu wanagawa fulana, halafu wanaongea wao mpaka saa ya kula. Swali unaambiwa uliandike kwenye karatasi, ulibandike ukutani, na ukuta haujawahi kumjibu mtu.

Kwenye fulana hizo wameweka uso wako. Niliiona mara ya kwanza Somanga, pale ninapokaanga samaki kwa abiria wa mabasi. Fundi wa pikipiki alikuwa anaifutia mnyororo, grisi yote imekujaa shavuni. Nilimwomba anibadilishie kwa kitambaa kingine, akanishangaa, akasema, "Mama, hizi wanagawa bure tu." Niliifua kwa sabuni na majivu na haikutakata.

Mwezi uliopita walikuja kijijini kwetu. Kuna mwekezaji anakitaka kile kipande cha pwani mlichokuwa mkianikia dagaa, wanakoanikia wanawake mpaka leo, na Tuulizane wamepewa kazi ya kuhakikisha wananchi "wanashirikishwa". Nilipolisikia hilo nilipata matumaini. Nilisema moyoni, Zuhura anaijua pwani hii, vidole vyake vilinuka dagaa kabla ya kunuka manukato. Wakafunga turubai, wakapanga viti, vya mbele vya wafadhili wao, sufuria ya pilau ikawekwa mahali ambapo kila mtu ataisikia harufu. Zuhura aliongea vizuri, sauti haitetemeki tena. Aliongea juu ya ajira, juu ya maendeleo, juu ya demokrasia ambayo ni watu kusikilizwa. Kisha akasema, "Kwa hiyo tunaweza kuandika kwamba wananchi wameshirikishwa na wameridhia."

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, "Tukiondoka pale, dagaa tutaanika wapi? Na aliyeridhia ni nani, maana mimi ndiyo kwanza nasikia?"

Akanitazama. Halafu, Shangazi, akatazama juu. Nilikijua kile kitendo kabla hajafungua mdomo. "Swali zuri sana, dada yangu, tunalichukua tukalifanyie kazi. Muda umetutupa mkono. Lakini tusitawanyike kabla ya kumkumbuka muasisi wetu. Maalimu, tumrehemu Bi Mwanaidi."

Alikutumia wewe. Nimefikiria neno la upole nimelikosa. Alikuchukua wewe uliyemfundisha kuuliza, akakusokomeza mdomoni mwangu kama kitambaa. Watu wakanyanyua mikono kwa mapenzi ya dhati, kwa sababu walikupenda, na hapo ndipo uchafu wenyewe ulipokuwa, kwamba alijua walikupenda.

Mimi niliacha mikono mapajani. Wewe uliyenilea, uliyenifunga kanga ya kwanza, nilikunyima amin mbele ya kijiji kizima. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Hata shangazi yake mwenyewe?" Sikugeuka.

Ndipo akainuka Bi Somoe. Mtani wako huyo, ambaye mligombana miaka yote na kupelekeana mboga miaka yote. Hukumwona siku ya msiba wako, basi nikusimulie. Alilala mlangoni, jeneza likashindwa kutoka, akasema maiti haendi popote mpaka arudishiwe ungo wake aliokuazima. Watu tulicheka na machozi yakitutoka, akapewa ungo na hela ya kufungua njia, ndipo akainuka, na akawa yeye wa mwisho kunyamaza kulia. Basi safari hii amezeeka, goti linamsumbua. Akajikongoja mpaka mbele ya maalimu, akaketi chini, akanyoosha miguu.

"Maalimu, shusha mikono. Mimi ni mtani wake. Dua ya huyu haisomwi mpaka nilipwe."

Watu wakacheka, maana mtani ana haki yake. Zuhura naye akacheka, akafungua mkoba, akatoa noti, kama inavyofanywa msibani. Bi Somoe hakuipokea.

"Rudisha hela yako, mwanangu. Leo nalipwa jibu. Dagaa tutaanika wapi?"

Kicheko kikakatika. Maalimu, ambaye ndiye yule yule aliyepaliwa na chai yako, akashusha mikono taratibu, akaiweka mapajani. Wakafuata wanawake, wakafuata wanaume. Zuhura alisimama na noti yake mkononi na hakuna aliyeitaka. Mwenyekiti wa sasa, kijana mwoga lakini si mwizi, akasema basi haiwezi kuandikwa kwamba tumeridhia, mkutano utaitishwa tena na mwekezaji aje mwenyewe na majibu. Wakafungua turubai. Pilau tuliila, Shangazi, nisikudanganye. Mchele hauna kosa.

Sisemi asasi zote zimeoza. Najua ziko zinazolala vijijini, zinazowafungulia watu kesi za ardhi, zinazosimama na mtu asiye na cheo mpaka mwenye cheo amjibu. Hiyo ndiyo kazi, na sioni nyingine. Kura tunapiga siku moja, halafu miaka inayofuata yote ni ya kuuliza. Asasi ikiacha kutusaidia kuuliza, ikaanza kuitikia kwa niaba yetu, basi ni mwenyekiti wa pili, mwenye gari zuri zaidi. Wa kwanza angalau tulimchagua. Zuhura alinipigia simu juzi, akasema nimemvunjia heshima mbele ya wafadhili. Nilimuuliza dagaa wataanikwa wapi. Akakata. Nimemkinai, na inaniuma kumkinai, kwa sababu nilimwona akijifunza.

Siku ile, gari lao lilipoondoka, tulikwenda pwani wanawake wote. Dagaa walikuwa wamekauka upande mmoja, tukawageuza kwanza. Kisha maalimu akakuombea na sote tukanyanyua mikono, mimi nikiwa wa kwanza. Bi Somoe aliitikia kwa sauti kuliko wote, halafu akaniambia nikuambie kwamba ungo waliompa msibani haukuwa ule wake, wake ulikuwa mkubwa, bado anakudai.

Mkutano umeitishwa Ijumaa, baada ya swala. Nitakaa mbele. Wakitaka kukuombea tena, usinisubiri, nitaitikia nyumbani.

Lala salama, Shangazi. Safari hii nimekuja na swali.

Mtoto wa kaka yako,
uliyemlea